Hina na Piko: Hukumu ya Kutia Nywele Rangi Isiyodumu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamsawazisha umbo lake, akamvika nywele kichwani ziwe pambo na sitara. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yaulizwayo sana katika miji ya mwambao, tangu Bagamoyo na Kaole hata Kerege, Mapinga na Bunju, ni hili la kutia nywele rangi. Zamani swali hili lilikuwa la wazee wenye mvi, wakiuliza habari za ndevu zao. Leo limekuwa swali la nyumba nzima. Arusi ikikaribia, binti mwenye nywele ndefu hutaka zigeuke rangi kwa siku chache, kisha zirudi kama zilivyokuwa. Mama yake humwendea baba kuomba fedha. Naye baba, kwa kuona kuwa hayo ni mambo ya wanawake na makungwi wao, hutoa fedha wala haulizi kinachokwenda kununuliwa. Hapo ndipo liingiapo kosa. Mtume s.a.w. amefundisha kuwa kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake. Wala hakuvua katika hilo vichwa vya binti zake.

Basi ikadiriwe mtu wa Mapinga, mvuvi au mwenye minazi, anamwoza binti yake Ijumaa ijayo. Nywele za binti huyo ni ndefu, zimefika mabegani na kupita. Mtu huyo yampasa ajue mambo matatu kabla hajafungua mfuko wake: rangi itakayotiwa ni halali au si halali, ikiisha kutiwa, josho na udhu wa binti vitasihi au havitasihi, na ya tatu, ambayo watu wengi huiacha nyuma ingawa ndiyo iletayo machozi, ni je, rangi hiyo yadhuru au haidhuru.

Asili ya jambo hili katika sharia ni ruhusa, bali kwa mwenye mvi ni sunna. Mtume s.a.w. aliwataka sahaba zake wazigeuze mvi zao wapate kukhitilafiana na Mayahudi na Manasara, ambao hawakuwa wakitia rangi. Nayo ni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa njia ya Abu Huraira. Na mwaka wa 8 wa Hijra, ilipofunguliwa Makka, aliletwa Abu Kuhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, naye ni mzee sana, kichwa chake na ndevu zake ni nyeupe pe mfano wa mti uitwao thaghama utoapo maua. Mtume akaamrisha nywele zile zigeuzwe kwa kitu, ila wajiepushe na weusi. Anas naye alipoulizwa alieleza kuwa mvi za Mtume zilikuwa chache, hata haikufika haja ya kuzitia rangi. Lakini Abubakar alikuwa akitia hina pamoja na katam, na Omar akitia hina tupu. Ummu Salama alizihifadhi nywele katika nywele za Mtume, akiwatolea watu wakaziona ni nyekundu. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya wekundu ule. Wako waliosema ni wa hina, na wako waliosema ni athari ya manukato yaliyokaa katika nywele zile.

Katam iliyotajwa hapa ni mmea wa Yemen ambao rangi yake ni weusi uelekeao wekundu. Ukichanganywa na hina hutoka rangi iliyo baina ya mbili. Kwa hiyo yule adhaniaye kuwa sharia haikubali ila wekundu wa hina peke yake amejibana mahali palipo na wasaa.

Ama weusi mtupu, hapo ndipo pana maneno. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, ameeleza katika Majmuu kuwa baadhi ya wakubwa wa madhehebu, kama Ghazali na Baghawi, maneno yao yaonyesha kuwa kutia mvi weusi ni makuruhu. Kisha yeye mwenyewe akakata kuwa sawa ni haramu, kwa mwanamume na kwa mwanamke, ila kwa aendaye vitani katika jihadi ili adui amwogope. Lakini katika Raudha, pale alipozungumza habari za kuunga nywele, amenakili kuwa wanavyuoni wameutia weusi wa nywele katika hukumu ya kupaka mashavu wekundu, maana yake mke aliyeruhusiwa na mumewe ana rukhsa, kwa kuwa mume ana haja katika kupambwa kwake. Na Ramli katika Nihaya ameishika rukhsa hii kwa mke mwenye idhini.

Hapa yataka mtu wa Mapinga atulize akili. Rukhsa hii imefungwa kwa idhini ya mume. Binti aliyechumbiwa bado hana mume mpaka ndoa ifungwe, na mposaji si mume, hata akiwa amekwisha toa mahari yote na kununua na kitanda. Basi hao watumao salamu siku tatu kabla ya ndoa kwamba bwana arusi apenda nywele ziwe nyeusi ti, wametumia idhini ambayo mwenyewe hajawa nayo. Rangi nyingine zisizokuwa weusi mtupu hazina mkazo huo, madhali hakuna udanganyifu ndani yake wala dhara.

Na udanganyifu katika nywele si jambo jipya. Vitabu vya fiqhi, katika mlango wa biashara, vimetaja kutia nywele weusi na kuzisokota kuwa ni hila ya wauza watumwa, waliokuwa wakimfanya mtu aonekane kijana au mwenye nguvu kuliko alivyo, na mnunuzi akigundua ana khiari ya kurudisha. Bagamoyo, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, hauwezi kuyasoma maneno hayo kama hadithi za mbali. Biashara ile ilikomeshwa, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini hukumu ya hila imebaki. Mzee mwenye mvi atiaye ndevu weusi siku ya kwenda kuposa, ili wakwe wamdhanie ana miaka arobaini, amefanya lile lile walilolifanya wauzaji wale, tena bidhaa ni yeye mwenyewe.

Tuache ya weusi, ije habari ya hina. Mhina ni mti mdogo unaojulikana, na wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Majani yake hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa, kisha unga hukandwa kwa maji, na wengine hutia ndimu. Ndani ya jani mna kitu cha rangi kiitwacho lawsoni, nacho hushikamana na keratini, ambayo ndiyo asili ya ngozi ya juu, kucha na nywele. Ndiyo maana hina ya mkono hutoka siku ya kwanza ikiwa rangi ya chungwa, ikaiva siku ya pili na ya tatu hata ikawa kahawia iliyo nyekundu, kisha ikafifia kwa wiki moja hata tatu, kwa kuwa ngozi yenyewe hubambuka kidogo kidogo na kuondoka nayo.

Lakini nywele hazibambuki. Hina ikishika katika unywele hufifia polepole, haitoki yote. Hubaki mpaka unywele ukue na kukatwa. Hili wengi hawalijui, wakasema hina ni rangi ya kupita. Ni ya kupita mkononi. Kichwani ni ya kukaa. Tena katika nywele nyeusi hina haionekani ila kwa mng'ao mwekundu juani, kwa sababu haiuondoi weusi wa asili, huongeza rangi juu ya rangi. Basi binti atakaye nywele zenye wekundu wa upole, wala hajali zikikaa, hina yamtosha, na hakuna kilicho salama kuliko hicho katika vilivyozoewa pwani. Ila jambo moja: watoto wachanga wasipakwe. Wako watu ambao damu yao ina upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, nao ni upungufu uliomo sana katika nchi zenye malaria na mwambao huu ukiwamo. Matabibu wameandika habari za watoto wachanga wenye upungufu huo, ambao hina iliyopakwa mwilini mwao iliwavunja chembe za damu, wakawa manjano na kupungukiwa damu kwa khatari. Mama apakaye mwanawe wa siku arobaini hina nyayo nzima kwa furaha hajui damu ya mtoto ikoje.

Ama piko, hiyo si hina, ijapokuwa hutembea chini ya jina lake. Watu huiita hina nyeusi, wakadhani kuna mhina mweusi mahali fulani Bara Hindi au Arabuni. Hakuna. Jani la mhina halitoi weusi wa makaa. Piko ipakwayo siku hizi Unguja, Mombasa, Lamu na katika miji ya mrima ni unga wa rangi ya nywele uliochanganywa na maji au dawa yake, na kinachoipa weusi na upesi wake ni kitu kiitwacho parafenilenediamini, ambacho wataalamu hukifupisha PPD. Kitu hiki kimeruhusiwa katika rangi za nywele kwa kipimo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hakiruhusiwi kupita sehemu 2 katika 100 wakati wa kutiwa kichwani, na kukipaka juu ya ngozi ni marufuku kabisa. Mpakaji wa mtaani hapimi. Huchota kwa kijiko akatazama weusi, na ukipungua huongeza.

Dhara yake huja kwa njia mbili. Kwanza ni ngozi. Mtu hupakwa leo asione kitu. Baada ya siku chache, pengine wiki, pale palipopita mstari wa piko pakawasha, pakavimba, pakatoka malengelenge yafuatayo ua lile lile lililochorwa, na yakipona yakaacha alama. Matabibu wa Ulaya wameandika mengi juu ya wasafiri waliopakwa katika fukwe za nchi za joto wakarudi kwao na majeraha hayo. Pili, na hili ni zito kuliko la kwanza, mwili uliokwisha kuingiwa na uadui wa kitu hiki hausahau. Mtu huyo akija kutia rangi ya nywele miaka kumi baadaye, hata ile ya kipimo iliyo halali kuuzwa, uso waweza kumvimba, macho yakafumba, na wengine wakabanwa na pumzi. Basi binti wa miaka kumi na minane aliyepambwa kwa piko siku moja amefungiwa mlango wa rangi umri wake wote.

Na kikimezwa huua. Kule Sudani, kuna rangi nyeusi ya jiwe ambayo wanawake huisaga na kuichanganya na hina ili iive upesi. Tangu miaka ya 1980 matabibu wa Khartoum wameandika habari za watu walioinywa, kwa kusudi la kujiua au watoto kwa kutojua, wakavimba shingo na koo hata ikalazimu kutobolewa koo wapate pumzi, kisha figo zikasimama. Asili yake ni PPD hiyo hiyo. Kwa hiyo hata mwenye kusema kuwa kwake anaitumia nywele tu, aangalie kopo lake analiweka wapi.

Kuzijua mbili hizi si kazi. Hina ya kweli ina harufu ya majani, rojo lake ni la kijani au kahawia, hutaka saa nyingi juu ya mwili, na haitoki nyeusi. Kilicho cheusi kama wino, kiivacho kwa nusu saa, hicho ni piko, hata kikiuzwa katika karatasi iliyochorwa jani.

Sasa binti wa Mapinga yu pale pale: hataki mng'ao mwekundu wa kukaa, ataka rangi ya arusi iondokayo baada ya fungate. Huyu anacho cha kuchagua katika maduka, lakini yataka ajue namna tatu zilizomo humo.

Iko rangi ikaayo juu ya unywele, haiingii ndani. Ni ya unga, au ya mafuta mazito kama nta, au ya kupulizwa kutoka katika kopo. Huondoka kwa kuoshwa na sabuni mara moja au mbili. Hii haiuharibu unywele, kwa kuwa haifungui kitu chake. Iko ya pili iingiayo kidogo chini ya magamba ya unywele, isiyo na amonia, nayo hufifia baada ya kuoshwa mara sita, nane au zaidi. Dhara yake kwa unywele ni ndogo, ila karatasi yake isomwe, maana baadhi yake imetiwa PPD. Na iko ya tatu, ya kudumu. Amonia huyafungua magamba ya unywele, na peroksaidi ya haidrojeni huuchoma weusi wa asili ili rangi mpya ikae mahali pake. Atakaye nywele nyeusi ziwe za dhahabu hana njia ila hii au iliyo kali kuliko hii. Weusi ulioondolewa haurudi katika unywele ule milele, na magamba yaliyofunguliwa kwa nguvu hayafungi tena sawasawa. Unywele ukawa mkavu, ukakatika ukichanwa.

Wenye nywele ndefu wana khatari zaidi katika hili. Unywele hukua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, na kwa watu wengi wa nchi zetu ni chini ya hapo. Basi unywele wa sentimeta 60, ncha yake imekaa duniani miaka mitano au zaidi, imepigwa na jua, chumvi ya bahari, kitana na kusukwa. Unywele nje ya ngozi hauna uhai; hauna damu ya kuuponya kama kidole kilichokatwa. Kilichoharibiwa kwa saa moja hakirudi ila kwa kungojea miaka mitano mingine. Mwenye nywele fupi akikosea hunyoa, na baada ya mwezi amesahau. Nywele ndefu ni mali iliyowekwa miaka mingi. Nazo, kama mwili wote, ni amana. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume amewataka wenye nywele wazitukuze.

Hadithi ya Asmaa yatosha kumwonyesha baba uzito wa jambo hili. Alikuja mwanamke kwa Mtume s.a.w. akaeleza kuwa binti yake ni bibi arusi, amepata ugonjwa wa surua, nywele zake zimepukutika, je, amwungie nyingine? Mtume hakumruhusu, na akataja laana juu ya aungaye na aungiwaye. Mwanamke yule alikuwa na udhuru wa ugonjwa, na mumewe binti alikuwa akimngoja, na hata hivyo hakupata njia. Basi itakuwaje kwa yule ambaye nywele za binti yake zimekatika kwa dawa aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe? Katika madhehebu ya Shafi, kuunga nywele za mwanadamu ni haramu kwa hali zote. Za mnyama zilizo tohara zina rukhsa kwa mke aliyeruhusiwa na mumewe, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na nyuzi za hariri zisizofanana na nywele hazikuingia katika katazo. Hiyo ndiyo iliyobaki mkononi, nayo ni kidogo.

Yabaki mambo ya tohara, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu hukumu yaenda kinyume cha wanavyodhani. Rangi ya juu, ile isiyodhuru unywele, ndiyo inayozuia maji. Na rangi iingiayo ndani, iliyo na dhara, haizuii. Nawawi ameeleza katika Majmuu kuwa ikiwa juu ya kiungo pana nta au kinyunga au hina iliyo na mwili, na mfano wa hayo, ikazuia maji kufika, tohara haisihi. Lakini ikibaki athari ya hina na rangi yake pasipo mwili wake, au mafuta mepesi ambayo maji hupita juu yake yakaigusa ngozi, tohara yasihi. Kwa hiyo kitazamwacho si rangi, ni mwili. Apitishe ukucha juu ya unywele: kikibambuka kitu, au vidole vikashika nta, hicho ni kizuizi.

Tena atenge udhu na josho. Katika udhu, kwa Shafi, hutosha kupangusa sehemu ya kichwa, hata nywele chache zilizo katika mpaka wa kichwa. Basi aliyetia rangi yenye mwili ncha za nywele, na utosini hapana kitu, udhu wake hauna taabu. Lakini katika josho la janaba na la hedhi ni lazima maji yafike nje ya nywele na ndani yake, na ngozi iliyo chini. Ummu Salama alimwuliza Mtume kama afumue misuko yake kwa josho, akaambiwa kuwa yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Na wanavyuoni wa Shafi wamesema hayo ni pale maji yafikapo ndani, ama yasipofika ila kwa kufumua, basi afumue. Ikiwa msuko wa maji tu wataka kufumuliwa, nta ya rangi yataka kuondolewa zaidi. Bibi arusi anayetiwa rangi ya kupulizwa Ijumaa jioni, na alfajiri ya Jumamosi limemlazimu josho, aioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka nywele ziwe tupu, kisha ndipo anuie. Akiona uchungu kupoteza pambo la fedha nyingi kwa usiku mmoja, basi sala ya alfajiri ni ghali kuliko pambo. Wako makungwi wawaambiao maharusi kwamba wana rukhsa ya siku saba wasiloweshe kichwa. Rukhsa hiyo haimo katika kitabu chochote cha Shafi, na sala walizoziacha kwa shauri hilo ni deni la kulipwa.

Na piko ikimchoma kichwani, mambo yakazidi. Ngozi ya kichwa yenye malengelenge haiwezi kupata maji, na tabibu amemkataza. Huyu hukumu yake ni kuosha palipo pazima, na kwa mahali palipozuilika atayamamu, na kila faridhi aifanyie tayamamu yake. Haya ni maisha ya mgonjwa. Naye alitoka ukumbini mzima kabisa.

Ndiyo maana idhini ya mume, iliyotajwa katika mlango wa weusi, haifiki hapa. Mume yuaweza kuruhusu pambo; hawezi kuruhusu dhara, kwa kuwa kukataza dhara ni asili kubwa ya sharia, na Nawawi ameitia hadithi yake katika zile Arobaini. Mume asemaye kuwa mwili wa mkewe ni wake na yeye amekubali, amekubali kitu kisicho chake. Wala baba hana idhini hiyo juu ya binti.

Basi aliyetaka kutumia rangi ya dukani isiyo piko, afanye lile waliloliandika watengenezaji wenyewe: apake kidogo nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, asioshe, angoje saa 48. Pakiwasha au pakivimba, aiache. Maana yake ni kuwa rangi ya Ijumaa yajaribiwa Jumanne, si Alhamisi usiku nyumba imejaa wageni. Karatasi ya maelezo isomwe na mtu ajuaye kusoma, na kopo lisilo na maandishi lirudishwe. Tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi katika Tanzania ni ya Shirika la Viwango, TBS, nalo hupokea malalamiko. Kisha, rangi ikiisha kutoka, nywele zipakwe mafuta ya nazi, ambayo wataalamu wameona kuwa huingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake kwa kuoshwa. Nayo bibi zetu wa mrima waliyajua kabla ya wataalamu.

Wanaume nao wana lao. Hina ya ndevu na ya kichwa kwa mwenye mvi ni sunna, lakini kupaka mikono na miguu kwa mwanamume ni haramu katika madhehebu ila kwa dawa. Na vijana wa siku hizi wapakwao pamoja na maharusi mpaka vifundoni, kwa mchezo na vigelegele, wazee wao wawakataze. Na mjane aliye katika eda ya kufiwa hana hina wala rangi miezi minne na siku kumi, hata shemeji zake wakimshawishi.

Ama mpakaji. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume alimbebesha dhamana mtu afanyaye utabibu naye hajulikani kwa utabibu. Kwa kiasi cha hadithi hiyo, mwanamke au mwanamume akaaye kibarazani na kopo la piko, akamwambia binti wa watu kuwa hiyo ni hina, naye ajua kuwa si hina, kisha kichwa cha yule binti kikaungua, amedanganya na amedhuru pamoja. Baba wa Mapinga ana haki ya kumdai gharama ya matibabu mbele ya kadhi au ya hakimu, na aone vema kudai kuliko kunyamaza kwa haya, maana binti wa jirani naye ataolewa mwezi ujao. Wallahu aalam.